Maji Kidogo na Maji Makali: Maelezo Kuhusu Usafishaji wa Reli kwa Michupo ya Maji

1.0 Utangulizi

Mji wa Bukavu haujapata kuwa na stesheni ya treni. Reli iliyoukaribia zaidi ni ile iliyojengwa enzi ya utawala wa Wabelgiji kutoka Uvira, kupitia bonde la Ruzizi, hadi Kamaniola chini ya milima. Kutoka hapo bidhaa zilipandishwa mjini kwa malori. Reli hiyo ilifungwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Hata hivyo, maisha ya mji huu yamefungamana na reli za mbali. Kwa miongo mingi shehena iliyoshushwa Dar es Salaam ilisafiri kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, mji uliofikiwa na reli hiyo mwaka 1914, kisha ikavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kalundu na Kalemie. Aidha, mpango wa reli mpya ya kuunganisha Tanzania na Burundi kupitia Uvinza na Musongati unataja kwamba njia hiyo itaendelezwa hadi Uvira na Kindu. Kwa hiyo, si mapema mno kwa msomaji wa Kivu kuyafahamu matatizo ya reli na dawa zake.

Makala haya yanaeleza dawa mojawapo, nayo ni kusafisha reli kwa michupo ya maji yenye kanieneo kubwa sana. Madhumuni yake ni mawili. Kwanza, ni kueleza jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi na kwa nini inahitajika. Pili, ni kuonyesha kwamba jambo hili haliwezi kufahamika barabara pasipo kuchagua maneno kwa uangalifu, kwa sababu neno la kwanza linalomjia msemaji wa Kiswahili, yaani "kuosha", linampotosha.

2.0 Chuma juu ya chuma

Gurudumu la treni ni la chuma, na reli ni ya chuma. Vitu hivi viwili vigumu hugusana katika eneo dogo mno, ambalo kwa kila gurudumu halizidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Uzito wote wa behewa hubebwa na maeneo machache ya namna hiyo. Udogo huo ndio faida kuu ya reli: gurudumu halibonyei kama tairi la gari, na kwa hiyo injini moja huweza kuvuta mzigo ambao barabarani ungehitaji malori mengi.

Lakini faida hiyo ina upande wake wa pili. Treni huanza kwenda na huweza kusimama kwa sababu tu gurudumu linaishika reli. Uwezo huo, ambao katika makala haya utaitwa mshiko, hupimwa kwa kulinganisha nguvu ya msuguano na uzito unaolemea gurudumu. Reli ikiwa kavu na safi, kipimo hicho huwa kati ya 0.2 na 0.4 hivi. Ikiwa imelowa lakini ni safi, hushuka hadi kati ya 0.1 na 0.2. Ikifunikwa na utando wa majani yaliyopondwa, huweza kushuka chini ya 0.05, na mara nyingine zaidi ya hapo.

Maana ya tarakimu hizo huonekana katika umbali wa kusimama. Tuchukue treni iendayo kilometa 100 kwa saa. Ikipunguza mwendo kwa kiasi cha mita 0.9 kwa sekunde katika kila sekunde, ambacho ni kiasi cha kawaida cha breki za abiria, itasimama baada ya mita 430 hivi. Mshiko ukiwa 0.03 tu, treni hiyohiyo itahitaji takriban mita 1,300. Breki hazijaharibika, na dereva hajalala. Magurudumu yamezuiliwa ipasavyo, lakini yanateleza juu ya reli kama viatu juu ya sabuni.

3.0 Ukoga wa reli

Je, ni kitu gani kinachoifanya reli iteleze namna hiyo? Vyanzo ni vingi: mafuta yanayovuja, kutu nyepesi iliyolowa, matope ya kwenye vivuko vya barabara, na katika miaka ya nzige, miili ya wadudu hao iliyosagwa na magurudumu. Hata hivyo, chanzo kilichochunguzwa kuliko vingine ni majani ya miti katika nchi zenye majira ya baridi.

Katika nchi hizo miti mingi hupukutisha majani yake kwa pamoja, katika majuma machache kati ya Oktoba na Desemba. Treni inapopita, upepo wake huyainua majani yaliyoko kando na kuyavuta chini ya magurudumu. Hapo hupondwa kwa nguvu kubwa mno, hata yakawa utando mweusi, mwembamba na mgumu, ulioshikamana na chuma. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha umuhimu wa tanini iliyomo katika majani. Tanini hiyo huyeyuka katika maji na kuungana na chuma. Zao lake ni jeusi, la jamii ileile ya wino wa kale uliotengenezwa kwa tanini na chumvi za chuma.

Ingefaa kuuita utando huu ukoga. Ukoga ni ule uchafu mgumu unaoganda juu ya meno. Kila mtu anajua kwamba ukoga hautoki kwa kusukutua kinywa, huhitaji kukwanguliwa. Hali ya reli ni hiyohiyo, na katika mfano huu ndimo ilimo siri ya mbinu inayoelezwa.

Ukoga wa reli una hatari mbili. Ya kwanza ni utelezi uliokwisha kuelezwa. Ya pili haionekani kwa urahisi. Katika njia nyingi, mitambo ya ishara hutambua mahali treni ilipo kwa umeme mdogo unaopita kutoka reli moja hadi ya pili kupitia magurudumu na ekseli. Utando ukiwa mnene, huuzuia umeme huo, na mtambo huweza kudhani kwamba njia ni tupu ilhali treni imo.

Inafaa pia kutaja kwamba tatizo hili lilizidi baada ya maendeleo fulani. Katika enzi ya injini za mvuke, wafanyakazi wa reli za Uingereza walifyeka vichaka kando ya njia ili cheche zisiwashe moto. Huduma za kawaida za mvuke katika reli za British Rail zilipokoma mwaka 1968, sababu hiyo ya kufyeka ilikwisha, na miti ikakua. Hali kadhalika, breki za zamani zilibana uso wa gurudumu na kuukwangua kila zilipotumika. Breki za sahani, ambazo ni bora kwa mambo mengine, haziugusi uso huo, na kwa hiyo uchafu hubaki.

4.0 Maji kidogo na maji makali

Hapa ndipo panapotatanisha. Maji ndiyo dawa ya ukoga, na maji ndiyo yanayouzidisha ubaya. Ukoga ukiwa mkavu kabisa, mshiko huwa mdogo lakini mara nyingi hustahimilika. Mvua kubwa ikinyesha, husaidia kiasi fulani kuondoa uchafu uliolegea. Hatari kubwa hutokea kati ya hali hizo mbili, yaani wakati wa umande, ukungu au manyunyu. Maji hayo machache hayatoshi kuondoa kitu. Huulainisha tu utando na kuufanya kama mlenda.

Mkazi wa Nguba hahitaji maabara ili kulisadiki jambo hili. Anayeteremka mojawapo ya vilima vya Bukavu kwa miguu anajua kwamba udongo mwekundu huangusha watu zaidi wakati wa matone ya kwanza kuliko baada ya mvua ya kutwa, ambayo huacha changarawe na mawe wazi.

Basi, kama maji kidogo ni ubaya, dawa ni maji mengi? Jibu ni hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kinachohitajika si wingi wa maji bali ni ukali wake. Treni za kutibu reli zinazotumiwa na Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli za Uingereza, hurusha maji kwa kanieneo ya baa 1,500. Baa moja inakaribia kuwa sawa na kanieneo ya hewa katika usawa wa bahari. Ili kuupima ukubwa wa tarakimu hiyo, tulitazame Ziwa Kivu, ambalo kina chake kikubwa kabisa hukaribia mita 480. Uzito wa maji katika sakafu ya ziwa hilo husababisha kanieneo ya baa zipatazo 48. Maji yanayotoka katika tundu za treni hizo yamesukumwa kwa kanieneo inayozidi hiyo mara thelathini.

Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, maji yaliyosukumwa kwa kiasi hicho hutoka yakiwa na mwendo wa mita zaidi ya 500 kwa sekunde, ambao ni mkubwa kuliko mwendo wa sauti hewani. Kwa mwendo huo maji hayalainishi utando, bali huuvunja, huuchana na kuubandua kutoka juu ya chuma. Huenda msomaji akauliza kwa nini reli yenyewe haiharibiki, maana viwandani maji hutumika hata kukata mabamba ya chuma. Tofauti ni kwamba huko viwandani kanieneo huwa kubwa zaidi, maji huchanganywa na chembe ngumu za kukwaruza, na mchupo hukawia mahali pamoja. Juu ya reli, maji hayana chembe hizo na hupita upesi. Kwa hiyo huushinda utando ulio dhaifu na kukiacha chuma kilicho kigumu.

5.0 Jinsi kazi inavyofanyika

Treni ya kutibu reli hubeba matangi ya maji, injini za kuendesha pampu, na tundu nyembamba zilizoelekezwa juu ya kichwa cha kila reli. Huweza kufanya kazi hiyo huku ikienda hadi kilometa zinazokaribia 100 kwa saa, na kwa hiyo huingizwa katikati ya ratiba ya treni za abiria. Maji yake sharti yawe safi, maana punje ndogo ya mchanga yaweza kuziba tundu au kuiharibu.

Baada ya michupo ya maji kupita, mara nyingi hufuata hatua ya pili. Treni hiyohiyo hupaka juu ya reli uji mzito uliochanganywa na mchanga na punje za chuma. Mchanga huongeza mshiko, na punje za chuma husaidia kupitisha umeme wa mitambo ya ishara.

Matibabu haya hayadumu. Siku yenye upepo, majani mapya huangukia reli iliyosafishwa saa chache zilizopita, na ukoga huanza kujengeka tena. Kwa sababu hiyo kazi hurudiwa mara kwa mara majira yote ya kupukutika kwa majani. Mbinu nyingine zimejaribiwa kandokando ya hii, ikiwemo miali ya leza inayounguza utando, lakini hazijauondoa mchupo wa maji katika nafasi yake.

6.0 Ajali ya Salisbury

Tarehe 31 Oktoba 2021, jioni, treni ya abiria iliyotoka London ilikuwa ikikaribia makutano ya njia karibu na mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza. Taa ilikuwa nyekundu, kwa kuwa treni nyingine ilikuwa ikipita katika makutano hayo. Dereva alifunga breki, kisha akafunga breki za dharura, lakini magurudumu yaliteleza. Treni iliipita taa na kuigonga ubavuni ile ya pili kwenye mlango wa handaki. Watu kumi na wanne, akiwemo dereva, walihitaji matibabu ya hospitali.

Taasisi ya serikali inayochunguza ajali za reli nchini humo ilieleza kwamba mshiko ulikuwa mdogo mno kwa sababu ya majani, na kwamba hali hiyo ilizidishwa na manyunyu yaliyonyesha muda mfupi kabla ya treni kufika. Ilieleza pia kwamba breki hazikufungwa mapema vya kutosha kwa hali ya reli ilivyokuwa, na kwamba hatari ya majani katika eneo hilo haikuwa imedhibitiwa ipasavyo.

Katika maelezo hayo, yote yaliyosemwa katika sehemu ya nne yanarudi: utando uliokuwepo, na maji kidogo yaliyouamsha. Ajali ilitokea katika nchi yenye treni za kutibu reli. Funzo lake ni kwamba chombo hakitoshi. Lazima pawepo watu wanaofahamu ni lini na mahali gani hatari hujengeka, na wanaoweza kuelezana jambo hilo upesi.

7.0 Nafasi ya mbinu hii katika Afrika ya Mashariki na Kongo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila dawa ya Ulaya inafaa kuletwa kwetu kama ilivyo. Katika ukanda wa tropiki, miti mingi haipukutishi majani kwa pamoja, na katika njia za zamani treni huenda polepole. Kwa mshiko, injini za zamani na za sasa hutegemea zaidi sanduku la mchanga, ambalo humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu pale njia inapopanda au inapoteleza. Kifaa hicho ni duni kwa sura, lakini hufaa sana kikitunzwa, na hakifai kitu mchanga ukilowa au bomba likiziba.

Aidha, maji yaliyozidhuru zaidi reli za eneo hili hayakuja juu ya reli bali chini yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko katika eneo la Kilosa, Tanzania, yaliharibu vibaya tuta la Reli ya Kati na kukata safari. Athari za mkato wa namna hiyo hufika hadi masoko ya Kivu. Upande wa Kongo, njia iliyoanzishwa na kampuni ya CFL mapema katika karne ya ishirini, inayounganisha Kalemie, Kabalo, Kongolo na Kindu, hupita katika nchi yenye mvua nyingi na uoto mkubwa. Kwa njia kama hiyo, mahitaji ya kwanza ni mifereji ya kutoa maji, kokoto safi, mataruma mazima na vichaka vilivyofyekwa. Treni ya michupo ya maji ingekuwa anasa kabla ya hayo.

Hata hivyo, hali inabadilika. Mwaka 2017 Kenya ilifungua reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2024 Tanzania ilianza safari za treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, zikiwa zimekusudiwa kwenda hadi kilometa 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, umbali wa kusimama ni mrefu hata reli ikiwa kavu, na upungufu mdogo wa mshiko huhesabika kwa mamia ya mita. Kwa hiyo elimu ya mshiko inahitajika hata pale ambapo mashine yenyewe haijahitajika.

8.0 Suala la istilahi

Katika maelezo yaliyotangulia, maneno machache yamebeba mzigo mkubwa, nayo yanastahili kutazamwa.

Neno kanieneo, linalotumika katika vitabu vya fizikia, limeundwa kwa maneno mawili, kani na eneo. Kwa kulisikia tu, mwanafunzi hupata maana yake: nguvu iliyogawanywa kwa ukubwa wa mahali inapoangukia. Neno shinikizo halina faida hiyo. Mwanafunzi anayelifahamu neno kanieneo anaweza kujieleza mwenyewe kwa nini tundu la maji linafanywa jembamba.

Neno mshiko limependelewa kuliko mnato. Kitu kinachonata, kama gundi au ulimbo, hung'ang'ania kisitoke. Gurudumu halinati juu ya reli. Huishika na kuiachilia papo hapo linapoendelea kuzunguka. Neno mchupo, kutokana na kitenzi kuchupa, linaonyesha maji yanayotoka kwa kuruka na kwa nguvu, tofauti na mchirizi, ambao ni wa maji yanayotiririka yenyewe.

Lakini lililo muhimu zaidi ni kitenzi. Mfanyakazi akiambiwa "aioshe" reli, atachukua mpira wa maji na kuilowesha, naye atakuwa ametii agizo. Kwa kufanya hivyo, kama ukoga ulikuwepo, atakuwa ameiacha reli katika hali mbaya kuliko alivyoikuta. Akiambiwa "akwangue ukoga kwa mchupo wa maji", neno lenyewe linamwonyesha kwamba kazi haijaisha mpaka chuma kimeonekana. Katika Kongo ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Fundi husoma kitabu chake kwa Kifaransa, na mara nyingi huwaelekeza wenzake kwa Kiswahili. Katika kuvuka huko kutoka lugha moja hadi nyingine, maneno ya jumla hupenya kwa urahisi, na yale yanayobainisha hubaki nyuma.

Kiswahili hakikosi mapokeo ya kutegemea. Taruma, kwa mfano, ni neno lililojulikana katika uundaji wa vyombo vya majini kabla ya kupewa kazi ya kubeba reli. Reli na breki ni maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili. Ukoga umetoka kinywani. Njia zote tatu, yaani kupanua maana, kukopa na kufananisha, ni halali, mradi neno linalopatikana limwongoze mtumiaji kwenye tendo lililo sahihi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba usalama wa treni hutegemea mshiko katika eneo dogo la chuma, kwamba ukoga wa majani huupunguza mshiko huo, na kwamba maji yaleyale yanayouamsha ukoga yakiwa machache huweza kuubandua yakisukumwa kwa kanieneo kubwa. Imeonekana pia kwamba mbinu hii si hitaji la kwanza la reli za zamani za Kongo na Tanzania, lakini kanuni iliyo nyuma yake inazihusu reli zote, na hasa zile mpya zenye mwendo mkubwa.

Iwapo njia ya Uvira na Kindu itajengwa, watakaoitunza watazungumza Kiswahili kazini. Inafaa istilahi za kazi hiyo ziandaliwe, zijadiliwe na kufundishwa kabla ya taruma la kwanza kulazwa, ili dereva wa kwanza atakayeteremka bondeni asubuhi yenye ukungu aikute reli iliyokwanguliwa, wala si iliyoloweshwa tu.